Aliyechukuliwa na Manowari

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko asubuhi zote nilizoamka, mwanangu. Ni ile niliyomwambia meneja wangu "sawa" mahali nilipopaswa kumwambia "hilo siwezi". Tulikuwa tumesimama kwenye veranda ya nyumba kubwa ya shamba la kahawa huko Ruiru. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima, na yeye alikuwa ameniwekea mkono begani kama ndugu yangu. Alisema, "Idi, leo wewe ndiwe mdomo wa baba yako. Tafsiri yale matamu. Yakija machungu, yameze." Nikacheka. Kisha nikasema sawa.

Nitakusimulia jinsi nilivyofika kwenye veranda ile, kwa sababu bila hayo utadhani lilikuwa jambo dogo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Thika. Sisi wa Majengo tulikuwa Waislamu wa asili mchanganyiko, huyu babu yake katoka Sudan na jeshi, yule mama yake ni Mkikuyu aliyesilimu, na Kiswahili ndicho kilichotukusanya. Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa askari wakati wa vita vya pili vya dunia. Alipelekwa Bukini, ndivyo wazee walivyoiita Madagaska. Wafaransa waliokuwa wakitawala kisiwa kile walikuwa upande wa adui, na Waingereza walihofu Wajapani wasije wakazitumia bandari zake. Basi askari wetu walipakiwa melini Mombasa bila kuambiwa waendako.

Baba hakupenda kuzungumzia vita, ila manowari aliizungumzia. Alisema waliamka alfajiri wakaikuta imesimama nyuma yao, ya rangi ya kijivu, kama kiwanda kilichong'olewa Thika kikawekwa baharini. Mizinga yake ilikuwa mipana hivi kwamba mtu angeweza kuingiza kichwa ndani na kuita jina lake. Kazi yake ilikuwa kuwafanya wenye bunduki kule bandarini wainamishe vichwa mpaka askari wafike nchi kavu. Ilipofyatua, vikombe vya bati viliruka mikononi mwa watu. Askari walishuka kwa wavu wa kamba ubavuni mwa meli yao, wakaingia kwenye mashua, wakaenda ufuoni huku makombora yakipita juu ya vichwa vyao. Jua lilipokuwa juu, kitambaa cheupe kilionekana mjini. "Bila manowari ile," baba alisema, "wewe usingezaliwa."

Lakini manowari ile ile ilimchukua mjomba wangu.

Mjomba Farajala alikuwa rafiki wa baba kabla hajawa shemeji yake. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye wavu wa kamba, juu kidogo ya baba, mzigo mgongoni. Manowari iligeuka ili ielekeze mizinga yake vizuri, na katika kugeuka ikatupa wimbi. Wimbi likaipiga mashua kwenye ubavu wa meli, na Farajala akaangukia katikati. Baba alikuwa tayari ndani ya mashua nyingine iliyokuwa ikiondoka. Aliona mambo mawili tu. Aliona mashua ndogo ya manowari ikija, na mabaharia wakimvuta mtu kutoka majini. Na aliona mkono wa yule mtu ukisogea. Baada ya hapo ilikuwa kukimbia na risasi. Alipouliza jioni, na kesho yake, na alipouliza tena walipokuwa wakirudi nyumbani, hakuna aliyejua. Jeshi lilisema amepotea baharini.

Baba alirudi Thika akampelekea habari hiyo dada wa rafiki yake, msichana aliyeitwa Hadija. Alimwambia vile alivyoona, bila kuongeza: kaka yako amechukuliwa na manowari, na mkono wake ulikuwa ukisogea. Baadaye alimwoa, na huyo ndiye mama yangu.

Nyumbani kwetu maneno hayo yaligeuka kuwa usemi. Kijiko kikipotea, sisi watoto tulisema kimechukuliwa na manowari. Mama mwenyewe alicheka. Lakini kulikuwa na siku moja kila mwaka ambayo hakucheka. Ni siku ya hitima, kile kisomo cha kuwaombea marehemu wetu. Mwalimu wa madrasa alikuwa akiuliza majina, na mama akiyataja moja moja: baba yake, mama yake, shangazi zake. Kisha Mwalimu angeuliza kwa upole, "Na Farajala?"

"Huyo muache," mama angesema. "Huyo yuko na manowari."

Hakuweza kumwombea kama marehemu mtu ambaye mkono wake ulikuwa ukisogea. Na hakuweza kumngojea kama mtu aliye hai. Alikaa hapo katikati tangu usichana wake mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa tuingie miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba lile la Ruiru. Wavunaji walileta kahawa, nami nikapima na kuandika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza changu kilikuwa kizuri, na nilijua kwamba ni kizuri. Nilitamani kutoka kwenye mizani niingie ofisini. Redio zilikuwa zikisema nusu karne imepita tangu vita viishe, na ndipo wenye shamba wakapata mgeni, mzee wa Kizungu aliyekuwa baharia kwenye vita hivyo. Akiwa mezani nao akataja bandari alikopigana. Meneja, Bwana Njoroge, akaja kwenye mizani.

"Idi, si mzee wako alienda Bukini?"

"Alienda."

"Na ile manowari yenu ya hadithi?"

Nikamwambia vile baba alivyoieleza, na bandari ile. Akaenda kumuuliza mgeni, akarudi akicheka. Ilikuwa ni hiyo hiyo. Mgeni alikuwa ndani yake siku ile.

Nilifikisha habari nyumbani. Mama alikuwa akisuka tabaga, ule mfuniko wa ukindu wa rangi rangi, na mikono yake ikasimama. Kisha akasema, "Ramadhani, utamuuliza."

"Nitamuuliza," baba akasema.

Siku ya mkutano waliweka viti kwenye nyasi mbele ya nyumba kubwa. Wambui wa jikoni aliniona na koti langu la kuazima akaniambia, "Sasa, D.O., bwana mkubwa wa serikali? Leo si utatuhutubia?" Nikamwambia akae kimya, anipigie saluti. Nilikuwa na furaha, sitakudanganya. Ndipo Bwana Njoroge akanivuta verandani na kuniambia yale niliyokueleza mwanzo. Aliongeza, "Huyu mzungu ana moyo mgonjwa. Na wenye shamba wako hapa, wanakutazama. Wazee wa vita wakipewa nafasi wanaanza ati malalamiko. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilielewa hasa yale maneno "wanakutazama".

Mgeni alikuwa mwembamba, mikono yake inatetemeka. Baba alikaa mbele yake na kofia yake nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Kisha baba akasema, akinitazama mimi, "Mwambie hivi, na usipunguze. Manowari yenu ilipogeuka ilitupa wimbi, na wimbi lile lilimwangusha shemeji yangu. Simlaumu, ilikuwa vita. Lakini mashua yenu ilimtoa majini. Niliona. Nataka kujua alikuwa hai, na mlimweka wapi. Dada yake yuko nyumbani anangoja."

Bwana Njoroge alikuwa amesimama nyuma ya mgeni. Aliposikia neno wimbi na neno kuangusha, alinikazia macho na kutikisa kichwa kidogo sana.

Nikamwambia mgeni kwa Kiingereza: "Baba yangu anasema anakumbuka jinsi meli yenu ilivyowalinda walipokwenda ufuoni. Anawashukuru."

Yule mzee akafumba macho. Machozi yakamtoka. Aliinuka kwa shida, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi: kwamba walikuwa vijana wadogo, kwamba bahari asubuhi ile ilikuwa tulivu kama sahani, kwamba hakutarajia kushukuriwa na mtu yeyote maishani mwake. Watu wakapiga makofi.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema hakumbuki, baba. Anasema watu walikuwa wengi."

Baba aliitazama mikono iliyoushika wake. "Mbona analia, kama hakumbuki?"

"Ni uzee."

Baba akautoa mkono wake. Alipewa chai, akanywa kidogo, akarudishwa Thika na pikapu ya shamba. Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Ningeishia hapo, kosa langu lingekuwa moja. Lakini alasiri mgeni aliomba nimwonyeshe kahawa inavyoanikwa. Tukatembea kati ya vile vitanda virefu vya waya, yeye akipitisha vidole kwenye kahawa kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Akasema kwamba shukrani za baba zimemwelemea. Hakuwa mtu wa mizinga hata kidogo. "Mimi nilikuwa kwenye mashua ndogo," akasema. "Acha nikuambie nilichofanya siku ile, ili umwambie baba yako asinishukuru bure."

Akaniambia walimtoa askari mmoja majini, kati ya mashua na meli. Kifua chake kilikuwa kimebanwa. Walimpandisha kwenye manowari wakamlaza kivulini, na yeye, akiwa mdogo kuliko wote, akaambiwa akae naye. Askari alimshika kifundo cha mkono na hakukiachia. Aliishi mpaka adhuhuri. Jioni, mji ukiwa umeshasalimu amri, walimpeleka nchi kavu pamoja na wafu wao wenyewe, wakamzika kwenye kilima kinachotazama bandari. Hawakujua dua zake. Ila chini kwenye mitambo kulikuwa na Msomali mmoja, akapanda juu bila kuitwa, akaenda nao kilimani, akasimama peke yake mbele ya kaburi akaomba.

Niliacha kutembea.

"Kuna neno moja," akasema. "Alilirudia asubuhi yote. Mimi nilidhani anaomba maji, basi kila aliposema nilimpa maji. Nimekaa na neno hilo miaka hii yote na sijapata mtu wa kumuuliza. Alisema *hadija. Hadija.* Ni maji, siyo?"

Ningemwambia kwamba hilo ni jina la mama yangu, ningelazimika kumwambia baba aliuliza nini asubuhi, na mimi nilijibu nini. Nilimtazama yule mzee, vidole vyake vikiwa bado kwenye kahawa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni maji."

Akashusha pumzi. "Basi nilimpa alichotaka."

Uongo huo wa maji sijaujua bado. Siku nyingine naona ulikuwa huruma, siku nyingine naona ulikuwa woga uliovaa nguo za huruma. Ule wa asubuhi sina shaka nao.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema. Nilikuta baba ameshatangulia kumwambia mama kwamba mgeni hakumbuki. Mama alikuwa amelirudia tabaga lake. "Basi," akaniambia bila kuinua kichwa. "Bado yuko na manowari."

Unaweza kuniuliza kwa nini sikusema tu kwamba mzungu amekumbuka baadaye. Niliwaza hivyo. Lakini mgeni alikuwa bado yuko Ruiru, na nilimjua baba yangu. Angevaa kofia yake kesho yake asubuhi aende kumshika mkono na kumuuliza mwenyewe, na hapo kila kitu kingefumuka mbele ya Bwana Njoroge na wenye shamba. Nikasema nitangoja mgeni apande ndege. Alipopanda ndege, nikaona nikisema sasa baba ataniuliza ilikuwaje nikakaa kimya. Nikasema nitangoja mfungo uishe. Kisha nitangoja mvua. Kila siku niliyongoja iliifanya inayofuata iwe nzito zaidi, na mimi nikiendelea kula chakula alichopika mama.

Wakati huo huo nilitolewa kwenye mizani nikaingizwa ofisini. Nilipata meza yangu na kiti chenye mto.

Mama aliugua wakati wa mvua za masika. Hakuugua muda mrefu. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye, nyumba imejaa akina mama wa jirani, na akanishika mkono.

"Idi, yule mzungu alikuwa mzee sana?"

"Ndiyo, mama. Mzee sana."

"Basi na kaka yangu angekuwa mzee hivyo." Akatabasamu. "Angekuwa mzee msumbufu, yule. Hakuwa akitulia."

Jibu lilikuwa pale, kwenye ulimi. Lakini wale akina mama walikuwa wakitusikiliza, nami nikaona aibu, nikajiambia nitamwambia kesho wakiondoka. Hakuiona kesho hiyo.

Hitima yake ilisomwa uani kwetu Majengo, siku ya tatu. Mwalimu, mzee sasa na yeye, aliuliza majina ya kuunganisha na la marehemu. Baba akawataja wale wale mama aliokuwa akiwataja. Mwalimu, kwa mazoea, akauliza, "Na Farajala?"

"Huyo muache," baba akasema. "Mwenyewe hakukubali."

Nikasikia sauti yangu. "Msomee. Alikufa. Alizikwa nchi kavu, na Mwislamu mwenzake alimwombea."

Baba aligeuka polepole. "Nani amekwambia?"

Nikamwambia yote, pale pale mkekani, mbele za watu. Sikuacha wimbi, sikuacha mkono, sikuacha lile neno. Nilipofika kwenye jina la mama, baba aliinamisha kichwa, kofia ikaficha uso wake.

"Na ulijua haya mama yako akiwa hai," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nilijua, baba."

Akamwambia Mwalimu, "Soma. Wataje pamoja, yeye na dada yake." Mwalimu akasoma.

Baba hakunifukuza wala hakunilaani. Ingekuwa afadhali. Aliendelea kula nami, kunijulia hali na kuuliza habari za kazi. Lakini ilipokuja siku ya kwenda hospitali, daktari akiwa mgeni asiyejua Kiswahili, nilivaa viatu nimsindikize, naye akaniambia bila hasira, "Kaa tu. Niitie Zuhura wa jirani." Zuhura alikuwa msichana wa shule, Kiingereza chake cha kubabaisha. Ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yangu mpaka mwisho. Maneno ya mwisho baba aliyomwambia daktari niliyasikia kutoka kwake.

Shamba lile sasa ni maploti. Ukipita upande ule wa Gatongora utaona nyumba za kupanga na maduka pale kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. Kiti changu chenye mto sijui kilikwenda wapi.

Mwanangu, siku hizi ninyi ndio mnaowasemea wazee wenu. Mnawasomea ujumbe kwenye simu, mnawaelezea kwa daktari, mnasimama nao kwenye madirisha ya benki. Mzee akikwambia mwambie hivi, mwambie hivyo hivyo. Likiwa na uchungu, lipeleke na uchungu wake. Likiwa na aibu, lipeleke na aibu yake. Ukiona huwezi, sema huwezi, utafutwe mwingine, na hakuna atakayekulaumu. Lakini usilipunguze ili mkubwa wako apendezwe, wala usilitengeneze ili mgeni alale vizuri. Hujui neno la mwenzako linabeba nini. Mimi nilidhani nimeliacha lalamiko la mzee, kumbe nilikuwa nimemwacha mtu kilimani. Na kama umeshalipunguza, rudi usiku huo huo, mlango ukiwa bado wazi, wala usingoje mfungo, wala mvua.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kweli na mzito wa kujipendekeza. Akupe wazazi watakaokutuma na neno lao bila kukuangalia mara mbili, na akufikishe siku ya kuwazika ukiwa huna lao lolote ulilobaki nalo.

Mimi nilibaki nalo. Mama yangu alikufa akimngoja kaka yake, na kaka yake alikuwa amekufa akimwita, na mtu pekee aliyejua yote mawili nilikuwa mimi.